Arobaini ya Mwanamume

Nakumbuka asubuhi niliyorudishwa nyumbani kwetu Makina, kule Kibera, nikiwa kijana wa miaka ishirini na saba mwenye kifua kilichoshonwa kama gunia la mkaa. Ndani ya moyo wangu madaktari walikuwa wamenitia vali mpya ya kutengenezwa kiwandani, na ilikuwa ikigonga ti, ti, ti, kwa sauti ambayo hata dereva wa teksi aliisikia, akageuka kunitazama.

"Boss, hiyo saa yako ni ya aina gani?" aliniuliza.

Nikamwambia si saa, ni moyo. Tangu hapo mpaka aliponishusha barabarani, mashimo yote aliyakwepa kama aliyebeba trei za mayai.

Mwanangu, nimepanda ngazi za ploti yenu hapa Kabiro, Kawangware, nikipumzika kila ghorofa, na wala si moyo ulionichosha, ni uzee. Mama yako alinipigia simu jana akiwa karibu kulia. "Mzee Rama," akaniambia, "ni wiki ya nne tangu abadilishwe vali, na hatoki kitandani. Daktari amesema atembee, yeye kila siku ni kesho." Basi nimefika, nimekukuta umelala chali, simu juu ya tumbo, na mama yako amekushikia kikombe cha chai chenye mrija. Mrija, mwanangu! Kwani walikupasua kifua au walikukata mikono? Lakini usinikunjie uso. Sijaja kukugombeza. Nimekuja kukusimulia ujinga wangu mwenyewe, na ukitaka kucheka, kumbatia kwanza huo mto wako, maana najua kucheka na mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya ni shughuli.

Yangu ilianza kama yako. Utotoni nilikuwa naumwa na koo kila mara, napewa maji ya chumvi nisukutue, kisha naambiwa nikacheze. Hakuna aliyejua kwamba koo lile lisipotibiwa linaweza kushuka mpaka moyoni. Lilishuka, likala vali moja polepole kwa miaka. Mimi niliyekuwa nasukuma mkokoteni wa maji kutoka Makina hadi Kisumu Ndogo nikipiga mluzi, nikafika mahali siwezi kupanda ngazi tatu za msikiti bila kusimama kuvuta pumzi.

Siku ya kuruhusiwa hospitalini, daktari alinikalisha akanieleza kila kitu taratibu. Dawa ya kuzuia damu isigande, niimeze kila siku saa ileile. Mboga za majani nile kiasi kilekile nilichozoea, nisizidishe wala nisipunguze, kwa sababu zikizidi zinaizima ile dawa. Nirudi kupimwa damu. Nisibebe kitu kizito, nisisukume wala kuvuta, mpaka mfupa uunge. Na nitembee kila siku, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa jirani, kesho kutwa mpaka barabarani. Nilitikisa kichwa kwa kila moja. Nilipofika nyumbani nilikuwa nakumbuka moja tu, la kutobeba kitu kizito, na hilo nililishika kuliko hata alivyokusudia mwenyewe.

Nyumbani alikuwa ananingoja Haboba. Ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Yeye ndiye aliyenilea, na Makina nzima ilimjua kwa kazi moja, kuhudumia wazazi. Mwanamke akijifungua, Haboba ataitwa amkande, amfunge tumbo, amsimamie siku zake arobaini za kukaa ndani. Alikuwa amewatoa salama wanawake wa vizazi vitatu, na hakuna daktari aliyeweza kumwambia kitu kuhusu mwili wa binadamu. Aliniangalia pale mlangoni, akafungua shati langu kwa ncha ya kidole, akaona mshono uliotoka chini ya koo mpaka karibu na tumbo.

"Umepasuliwa," akasema. "Umetoka damu. Umeshonwa."

"Ndio, Haboba."

"Basi wewe ni mzazi. Ingia ndani."

Nikamuuliza mimi nimezaa nini. Akasema nimezaa moyo, na nisimbishie.

Mwanangu, nilitiwa arobaini. Mimi, mwanamume mwenye ndevu! Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na nyuma ya lile pazia nililazwa kitandani, nikafungwa leso tumboni ili tumbo lirudi mahali pake, ingawa tumbo langu halikuwa limeenda popote. Chini ya godoro kiliwekwa kisu cha kufukuza mashetani. Nikamwambia Haboba kwamba nimeshaona visu vya kutosha mwezi huo, akaniambia hiki ni cha amani. Asubuhi na jioni nililetewa uji wenye samli na pilipili manga. Siku ya pili alileta chetezo cha udi akakiweka miguuni pangu, moshi ukapanda, nikakohoa, na kila nikikohoa nilihisi ule mfupa unataka kufunguka kama kabati. Nilikumbatia mto kama nilivyofundishwa hospitalini, machozi yakanitoka. Haboba akakisogeza chetezo mpaka mlangoni. Hilo peke yake ndilo alilokubali kubadilisha.

Na usidhani nililalamika sana. Nilipenda! Tangu mama yangu afariki sikuwa nimebembelezwa namna ile. Kila kitu kikawa kizito. Kikombe kizito, blanketi zito, kitufe cha redio kizito. Kijiko kilikuwa chepesi nikiwa peke yangu na kizito mtu akiingia. Nilikuwa naita kwa sauti nyembamba ambayo sijui niliitoa wapi, na mtu anakuja mbio.

Aliyekuja mara nyingi alikuwa mke wangu, Khadija. Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili ya ndoa. Wazazi wake ni Waluhya wa Mumias, ila yeye alikulia hapahapa Kawangware, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko ile pilipili manga ya Haboba. Sasa sikiliza jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Khadija alikuwa na mimba ya miezi minane. Yeye ndiye anayeteka maji bombani, ndiye anayefua, ndiye anayepika, halafu anakuja kunipanga mito. Mimi niko ndani, leso tumboni, nakunywa uji wa mzazi. Mwenye tumbo yuko nje na jerikeni.

Siku moja alisimama mbele ya kitanda, mkono kiunoni.

"Rama, mimi nikizaa nitalala wapi?"

Kitanda kilikuwa hicho kimoja. Nikamwambia tutaona.

"Utaona wewe," akasema, akaenda kuanua nguo.

Wageni nao walikuja kwa wingi, kila mmoja na pakiti yake ya maziwa au kilo ya sukari, na kila mmoja akitaka kusikia moyo. Niliwaruhusu. Nilifungua shati kama mwenye duka anayefungua mlango. Mzee mmoja wa msikitini aliweka sikio kifuani pangu, akafumba macho muda mrefu, kisha akatangaza kwamba unakimbia dakika mbili mbele. Mama mmoja muuza omena kutoka Kisumu Ndogo alisikiliza akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu sasa hawezi kuiba kitu ya mtu," akasema. "Atasikika tu!" Hata leo, mwanangu, imamu akinyamaza kidogo, watu wa safu ya mbele hugeuka kutafuta nani hajazima simu yake. Nimezoea. Siku hizi nami nageuka pamoja nao.

Lakini wageni wakiondoka, na Khadija yuko bombani, na Haboba amesinzia kwenye kigoda chake, nilibaki mimi na ile sauti. Hapo ndipo ukweli ulipokuwa. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote maishani. Nililala nikihesabu ti, ti, ti, nikijiambia nikisimama ghafla itakosea hesabu, nikitembea itachoka, nikicheka itakwama. Nilidhani ile vali ilitiwa niitunze kwa kutulia. Sikumwambia mtu. Ilikuwa rahisi zaidi watu waniite mvivu, na nikisema kweli, uvivu nao ulikuwepo, vikasaidiana.

Wiki ya pili ya arobaini yangu akaja mama mkwe kutoka Kawangware. Kwa desturi za kwao, mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, na mama mkwe kumwona mkwe wake kitandani ni aibu kubwa ya wote wawili. Basi alikaa nje, mgongo kwenye mlango, uso kwenye ukuta wa mabati wa jirani, na tukazungumza kupitia kwa Khadija aliyesimama katikati, ingawa tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

"Muulize mkwe anaendeleaje."

"Mwambie mama naendelea vizuri."

"Mwambie nimemletea mboga za kuongeza damu. Azile zote."

Alikuwa amebeba managu, kunde na mrenda, mafungu ya kulisha harusi. Nilimkumbuka daktari. Wallahi nilimkumbuka. Lakini wewe umeona wapi mtu anayekataa chakula cha mama mkwe, tena aliyekileta kwa mikono yake kutoka Kawangware mpaka Kibera? Nikasema, mwambie mama nitakula.

Kisha mama mkwe akauliza tena, sauti imepanda.

"Na muulize mkwe hivi. Binti yangu na hilo tumbo amebeba maji. Yeye amebeba nini?"

Nikamnong'oneza Khadija amwambie mama kwamba nimekatazwa na daktari.

"Hiyo mwambie mwenyewe," Khadija akajibu kwa sauti kubwa, akarudi kwenye jiko lake.

Basi nililipa aibu yangu kwa kula. Managu asubuhi, kunde mchana, mrenda jioni. Haboba alipoona mboga za mama mkwe zinasifiwa, naye hakukubali kushindwa nyumbani kwake, akaanza kupika mrenda wake wa Kinubi, mzito, wa kuvutika kutoka sahani mpaka mdomoni. Kila upande ulitaka kuona sahani tupu. Nilikula kwa ajili ya amani ya nyumba, nikashushia na dawa, nikalala.

Siku ya kupimwa damu ilipofika majirani walinibeba mpaka barabarani, nikapelekwa kliniki kwa teksi nikiwa nimeegemezwa mito kama sultani. Muuguzi, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alitazama majibu mara mbili.

"Wewe unameza dawa?"

"Kila siku."

"Mbona damu yako inaganda kama ya mtu asiyemeza chochote? Unakula nini?"

Nikamweleza.

"Managu asubuhi?"

"Asubuhi managu. Mchana kunde. Jioni mrenda mara mbili."

"Na unatembea?"

"Nageuka."

"Unageuka wapi?"

"Kitandani."

Aliweka kalamu chini, akavua miwani. "Sikiza, kijana. Bonge la damu likishika hiyo vali, inakwama. Ikikwama, sitakuona tena hapa. Mboga rudisha kiasi ulichokuwa unakula zamani. Dawa tutakuongezea kidogo, na urudi baada ya siku tatu nikupime. Na utembee! Umesikia? Usigeuke. Tembea."

Mtu mwenye akili angeshukuru, akarudi nyumbani akitembea. Mboga nilipunguza, hilo lazima niseme, na Khadija ndiye aliyeenda kumweleza mama yake. Dawa niliongeza, na nilirudi kupimwa kama nilivyoambiwa. Lakini la kutembea nililigeuza. Nilijiambia, ikiwa kuna bonge la damu linalotafuta pa kushika, basi nikitikisika ndipo litakapong'oka liende moyoni. Dawa yake ni kutulia zaidi. Hata kule kugeuka nikapunguza. Nililala kama maiti anayepumua, masikio kifuani, na miguu yangu ikaanza kukonda kama ya kuku. Khadija alinisihi mpaka akachoka. Alipoacha kunisihi ningepaswa kuogopa hilo zaidi, lakini sikuwa na nafasi, nilikuwa nahesabu.

Ikafika Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Haboba alikuwa anahesabu siku zangu kwa punje za mahindi kwenye kikombe, na punje zilikuwa thelathini na tatu. Khadija alirudi kutoka bombani. Nilisikia jerikeni likiwekwa chini mlangoni, halafu sikusikia hatua. Pazia likafunguliwa. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, ameinama.

"Rama. Imeanza."

"Nini imeanza?"

"Unauliza nini? Unadhani ni mvua?"

Haboba aliingia wakati uleule na bakuli langu la uji. Akamtazama Khadija. Akanitazama mimi. Kisha, mwanangu, akachukua uji wangu akampa Khadija.

"Kunywa mbili tatu, upate nguvu," akamwambia. Akanigeukia. "Wewe, inuka."

"Haboba, siku zangu bado saba."

"Toka kitandani. Mzazi amefika."

Nikauliza ni nani atakayempeleka kituo cha afya. Majirani wote walikuwa kazini. Haboba goti lake lilikuwa limevimba tangu Ijumaa. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za watu wenye magari, na gari lenyewe halingeweza kuingia kwenye vichochoro vyetu. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu mwenye afya yake. Haboba alininyooshea kidole.

"Utampeleka wewe."

Hapo nikasema kile nilichokificha mwezi mzima. Nilisema kwa sauti yangu ya kweli, si ile nyembamba. "Naogopa. Nikianguka njiani, je? Ikisimama, je?"

Nilidhani Haboba atanionea huruma. Alisogea karibu, akaniambia polepole, "Mtoto wangu, ulipasuliwa ili uishi na huyu. Sasa huyu anaondoka, na wewe unabaki hapa na kitanda? Basi wangekuacha tu na moyo wako wa zamani."

Maneno yale yaliniuma kuliko kisu cha daktari, kwa sababu cha daktari nilipewa dawa ya usingizi. Nikageuka ubavu, nikashusha miguu. Nikasimama. Chumba kikazunguka kidogo, kikatulia. Nikachukua mto wangu wa kukoholea, nikavaa kanzu juu ya ile leso, tukatoka.

Tulitembea mimi na Khadija kama konokono wawili waliogombana. Hatua kumi, anasimama yeye kwa uchungu. Hatua kumi, nasimama mimi kuvuta pumzi. Hangeweza kuniegemea kifuani, wala mimi singeweza kumshika kwa nguvu, kwa hiyo uchungu ulipokuja alininyang'anya mto, akauuma na kuukaba mpaka nikauonea huruma. Ukipita, ananirudishia nikohoe. Mto mmoja, wagonjwa wawili. Vijana waliokaa nje ya kinyozi walituona tukipita.

"Niaje Rama! Kwani hapo ni nani anaenda kuzaa?"

"Sisi wote!" Khadija akawajibu bila kugeuka, na wakaacha kucheka wakaja kutusafishia njia, wakiwafukuza watu wa mikokoteni mbele yetu.

Karibu na kituo alisimama kwa uchungu mrefu. Ulipopita alinitazama, jasho linamtiririka.

"Rama, nilikuwa naogopa nitazaa huyu nibaki na watoto wawili."

Nikamwambia anisamehe.

"Bado sijamaliza," akasema. "Nilikuwa naogopa zaidi nitabaki na mmoja, bila wewe. Kila nikirudi bombani nilikuwa nasimama nje ya pazia kwanza. Nasikiza kama bado inagonga, ndio niingie."

Mwezi mzima nilidhani ni mimi peke yangu ninayehesabu, kumbe mwenzangu alikuwa upande wa pili wa pazia na jerikeni lake, anahesabu pia. Ningemwambia hofu yangu siku ya kwanza, tungehesabu pamoja mara moja, tukachoka, tukaendelea na mambo mengine. Nilimshika mkono tukamaliza njia.

Kwenye mlango wa kituo muuguzi alitoka na kiti cha magurudumu. Akamwona Khadija amesimama wima, maana uchungu ulikuwa umepumzika. Akaniona mimi, nimekauka midomo, nimekumbatia mto, na kanzu imepeperuka leso ya tumboni inaonekana.

"Keti, keti haraka!" akaniambia, akanisukumia kile kiti.

"Dada, ni mimi," Khadija akasema.

"Na huyu amefungwa tumbo kwa nini?"

"Hiyo ni hadithi ndefu. Naomba kiti changu."

Wakamwingiza ndani. Mimi nikakaa kwenye benchi la nje kati ya akina mama waliokuja kliniki, wakinitazama bila kuficha. Ndipo nikashtuka. Tangu tulipoondoka nyumbani sikuwa nimeusikiliza moyo wangu hata mara moja. Nikaweka mkono kifuani kwa hofu. Ulikuwepo. Ulikuwa unakwenda mbio kidogo, ti ti ti ti, kama moyo wa mtu yeyote aliyetembea jua la saa tano na mke anayejifungua. Haukukosea hesabu. Haukunihitaji niuhesabie. Nililia pale kwenye benchi, na mama mmoja akanipa kitambaa cha mtoto wake nijifute.

Saa saba mchana walinipa binti yangu nimwone. Walinikalisha, wakamlaza mapajani pangu juu ya ule mto, kwa sababu niliwaambia kubeba bado. Aliposogezwa karibu na kifua changu akaacha kulia, akatulia anasikiliza. Tulimwita Salama. Mama mkwe alipofika kutoka Kawangware alinikuta nimesimama mlangoni kwa miguu yangu miwili, akageuza uso kwa heshima kama inavyotakiwa, akasema na ukuta, "Mwambieni mkwe hongera." Na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno la mboga.

Tuliporudi nyumbani kesho yake Haboba aliifungua leso tumboni pangu, akaikung'uta, akaenda kuleta nyingine safi ya Khadija. Kisha akaketi karibu nami. Alisema yeye naye alikuwa ameogopa. Kazi aliyoijua maishani ni ya wazazi, na mjukuu wake alipoletwa amepasuliwa kifua, akachukua ujuzi aliokuwa nao akanifunika nao. "Nilitaka ulale," akaniambia, "kwa sababu ukiwa umelala nilijua uko wapi." Mwanamke yule hakuwa na kawaida ya kukiri kosa. Nilimbusu mkono. Tangu siku hiyo akawa ananingoja mlangoni jioni na bakora yake, tunakwenda mpaka barabarani na kurudi, yeye na goti lake na mimi na saa yangu, tukitukanana njia nzima.

Sasa, mwanangu, niseme lililonileta. Ile vali hawakukutilia uilinde. Imetiwa ikulinde wewe, ili uendelee na mambo yako. Inuka kila siku utembee, hata kama ni mpaka mlangoni tu, kesho uongeze. Dawa yako meza saa ileile, na leo una simu ya kukukumbusha, mimi nilikuwa na Haboba na punje za mahindi. Mboga kula, usikatae, ila kiasi chako kiwe kilekile, na shangazi akikuletea gunia la managu mshukuru sana ulipeleke kwa majirani. Siku ya kupimwa damu usiikose hata kama unajisikia mzima kabisa. Mizigo ngoja mpaka daktari akwambie mfupa umeunga. Lakini kubwa kuliko yote, hiyo hofu uliyonayo, na najua unayo kwa sababu nimekuona midomo ikihesabu tangu niingie, mwambie mama yako. Unadhani ukinyamaza unampunguzia mzigo. Ametoka na kikombe chake, lakini yuko hapo nyuma ya mlango anasikiliza kama unapumua, na yeye hana wa kumwambia.

Usione haya. Mimi ni mzee mwenye wajukuu, nimeishi na hiki kinachogonga kifuani miaka mingi kuliko umri wako, na bado siku nyingine naamka nikikisikiliza. Nikimaliza kusikiliza nasimama.

Mola aliyewapa wale madaktari mikono isiyotetemeka akupe mwendo, mwanangu. Akupe usingizi usio na hesabu. Akupe mtu wa kugombana naye njiani, na akuzeeshe mpaka uchoke kusimulia habari hizi kwa vijana wasiotaka kuamka. Amina.

Haya. Geuka ubavu kwanza, usijisukume kwa mikono. Shusha mguu mmoja. Sasa wa pili. Mama, njoo ushike huku, ana neno anataka kukwambia. Leo tunaishia mlangoni.